Dakika ya Arobaini na Moja

Naomba niseme hili kabla halijanisema:
filamu ile sikuimaliza.

Ukumbi wa Sinza, ghorofa ya pili, juu ya duka la vigae,
viti vya plastiki vya kukodi, mgongoni vimeandikwa
jina la kamati ya harusi.
"Kodi ya Miezi Sita", kazi ya kwanza ya kijana Chande Mapunda,
aliyeuza pikipiki akanunua kamera,
na jioni ile kasimama mlangoni kwa suti ya kuazima
akitugawia maji ya chupa kana kwamba sisi ndio wafiwa.

Niliipenda, wallahi. Ilinikamata taratibu
kama usingizi wa mchana.
Mjane Tabu anaizunguka Manzese nzima na dalali
asiyefunga domo, anayetaka hela ya kuonyesha chumba,
na chumba chenyewe dirisha linatazama ukuta.
Dakika ya arobaini na moja, jua la utosi,
anafika kwa mtu aliyekuwa akidaiwa na marehemu mumewe,
mlango wa bluu, karatasi ya deni mkononi.
Anabisha hodi mara tatu.
Kitasa kinazunguka

wakakata umeme.

Jenereta lilikohoa, likanyamaza. Halikuwa na petroli.
Chande akapita kati yetu na tochi ya simu
akisema samahani, samahani,
hata kwa viti vitupu.

Ijumaa saa kumi na mbili tupo studio, Mikocheni,
kiyoyozi kinauma mifupa, chai ya tangawizi kwenye vikombe vya karatasi,
wahakiki watatu, na mtangazaji wetu Shomari
mwenye sauti iliyopakwa siagi.
Tulianza na tamthilia mpya ya televisheni,
ile ambayo kila tajiri anakunywa juisi kwenye ngazi.
Tukaingia kwenye riwaya. Pendaeli akasema
ina kurasa mia tatu na sentensi moja nzuri,
na hiyo ipo kwenye shukrani.
Tukamcheka msanii aliyejifunga cheni kama geti la benki.
Ulimi hauna mfupa; wetu siku ile ulikosa hata breki.

Kisha Shomari: "Tuje kwenye filamu.
Mwisho wake mliuonaje?"

Nikawatazama wenzangu. Ngazi zile tulishuka pamoja,
gizani, tumeshikana mabega.
Mwantumu akasema mwisho ulitabirika.
Pendaeli akasema hapana, ule ni ukimya wa kijasiri,
hadhira yetu haijauzoea.
Mimi nikasema umepwaya.
Nililipenda neno hilo. Nikalirudia.

Simu ikaingia, Mbagala Rangi Tatu.
Mama mmoja, nyuma yake kitu kinakaangwa.
"Mimi sijaiona, kiingilio sina.
Ila nadai na nadaiwa, mlango huo naujua.
Niambieni tu, wanangu:
nani alifungua?"

Redioni ukimya una bei, huhesabiwa kwa sekunde.
Sisi tulitumia saba.
Shomari akaweka tangazo la saruji.

Jumanne nikamtafuta Chande, Tandale, chumbani kwake,
kompyuta ina ufa pembeni mwa kioo,
mashine ya kunyolea ya jirani inanguruma ukutani.
Kipindi alikisikiliza. Nilijua kwa jinsi alivyofuta stuli
kwa kiganja, mara mbili, kabla ya kunikaribisha.
Hakuniuliza kitu.
Akasogeza hadi dakika ya arobaini na moja.

Hodi. Hodi. Hodi.
Kitasa kinazunguka,
mlango unafunguka upana wa uso:
mtoto wa miaka mitano, kifua wazi, uji umemkaukia kidevuni,
anamtazama Tabu kwa adabu zote za dunia:

"Shikamoo.
Baba amesema nikwambie hayupo."